Neno Kaimu

Jumatatu, 7 Julai

Tumefungua saa mbili na robo badala ya saa mbili. Stima ilikuwa imepotea na jenereta ikagoma. Foleni ilikuwa imefika nje, hadi kwa muuza mabuyu. Kina mama wa sokoni mbele, wauguzi waliotoka zamu nyuma yao. Karani Kadzo na wenzake madirishani, wote wanawake. Mimi nyuma yao, natia sahihi, najibu simu, natafuta faili ambayo hakuna ajuaye ilipo ila mimi. Kazi ninayoipenda.

Saa nne Bwana Salim, meneja wetu, ametuita. Anastaafu mwisho wa mwezi huu. Alikuwa amevaa shati jipya kama la Idi. Tangazo la nafasi yake limeshatoka makao makuu, Kwale, na nakala imebandikwa ubaoni kwetu. Tumelisoma wote tukiwa tumesimama. Kisha nikarudi mezani kwangu.

Niko katika sacco hii mwaka wa kumi na nne, wote hapa Msambweni. Nilianza dirishani. Sasa ni naibu wa meneja. Nimeona mameneja watatu wakiingia, wote wanaume, na wawili kati yao mimi ndiye niliyewaonyesha tawi linavyokwenda. Kati ya mmoja na mwingine nilikaimu. Mara ya kwanza miezi minne, mara ya pili saba. Kila mara niliporudi mezani kwangu nilipewa shukrani na keki.

Keki zilikuwa nzuri. Sikukasirika. Au nimezoea kutokasirika, sijui.

Jumatano, 9 Julai

Athumani ameniuliza kama ninaomba. Yeye ni afisa wa mikopo, miaka thelathini na mbili, mtu wa Shimoni, hodari. Alipokuja hapa hakujua hata kuijaza fomu ya mdhamini. Nilimkalisha karibu yangu mwezi mzima.

Akasema, "Dada Mwanasiti, ukiomba wewe, mimi siombi."

Nikamwambia, "Omba. Sitaki kuachiwa."

Nilisema hivyo kabla sijaamua. Sasa inaonekana nimeamua.

Ijumaa, 11 Julai

Barua ya maombi. Nimeiandika nyumbani baada ya kutoka kazini. Bwanangu Omari alikuwa na siku yake ya mapumziko, hoteli yao huko Diani haina wageni wengi wiki hii. Mpishi akipumzika hupika. Alikuwa anakuna nazi huku anaisoma barua niliyomshikia mbele ya uso wake.

Akasema, "Kila mahali umeandika nilisaidia. Nilisaidia kuanzisha dawati la Bodo. Nilisaidia kuwafunza makarani. Ulikuwa na nani mwingine?"

Nikafikiri. Dawati la Bodo ni meza yetu ya kila Alhamisi ya pili, tunakwenda kuwahudumia wasioweza kufika mjini. Niliianzisha mimi. Nilikwenda kumwona chifu mimi. Hata meza yenyewe ilikuwa ya kwetu nyumbani.

"Sikuwa na mtu," nikasema.

"Basi. Mimi nikiwa jikoni peke yangu sisemi nilisaidia kupika pilau."

Nimeyafuta maneno hayo yote. Yalikuwa manane. Barua imebaki fupi na inanitisha kidogo. Kama ya mtu mwingine ambaye ningependa kumwajiri.

Tumekula samaki wa kupaka. Vipande viwili mimi, bila aibu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeitwa kwenye mahojiano. Alhamisi, saa tano. Athumani ameitwa pia.

Kadzo alilitangaza jambo hilo wakati wa chai, makarani wakapiga makofi, nikawanyamazisha. Mmoja wa maafisa wa nyanjani akauliza ikiwa meneja ni mwanamke, nani atapanda pikipiki hadi Mwangulu mvua ikinyesha. Bwana Salim alikuwa pale pale, anachovya mahamri. Hajawahi kupanda pikipiki maisha yake yote. Aliendelea kuchovya.

Alhamisi, 17 Julai

Kwale. Kule juu kuna ubaridi, nilisahau. Nilikwenda na mtandio mwepesi.

Watu watano mezani. Wanaume wanne, na Bi Rehema, ambaye ndiye mwanamke pekee katika halmashauri nzima ya sacco. Waliniuliza mengi na nilikuwa na majibu. Niliyasikia maneno yangu yakitoka yamenyooka. Nilianza kufurahi, naam, pale pale kitini.

Kisha mwenyekiti akauliza, "Na bwanako anasemaje? Kazi hii ina safari."

Sikuwa nimejitayarisha. Nikamwuliza kwa adabu, "Mzee, samahani. Waliotangulia mliwauliza wake zao wanasemaje?"

Mmoja akakohoa. Bi Rehema akaitazama kalamu yake. Mwenyekiti akaandika kitu, akasema tuendelee.

Nikaaga, nikatoka. Nikaingia mkahawani nikanywa chai ya tangawizi na chapati mbili, peke yangu, dirishani. Siku iliyo wazi kama leo bahari huonekana kutoka huko. Nikajiambia kwamba hata wakinikatalia, nimejibu vizuri. Nikaongeza chai.

Jumamosi, 19 Julai

Waa, kwa mama. Ameanza kuvuna mihogo na mgongo unamuuma lakini hataki kuambiwa. Nilimsimulia habari za nafasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Wakikupa, utakuwa unakula saa ngapi?"

Nikasema saa zile zile.

"Basi nakuombea."

Nimemaliza shughuli zake zote za uani, nimerudi na mkungu wa ndizi. Siku njema.

Jumatano, 23 Julai

Barua imekuja. Bwana Salim aliniletea mwenyewe, anatabasamu.

Ninanakili: "Umeteuliwa kuwa Kaimu Meneja wa Tawi kwa muda wa miezi sita, au hadi atakapopatikana mtu anayefaa."

Makarani walikuwa wanangoja mlangoni. Nikawaonyesha bahasha, wakapiga vigelegele, wateja nao wakaitikia bila kujua ni nini. Nikatabasamu. Nikaingia chumba cha mafaili, nikasimama katikati ya rafu, nikalia. Dakika mbili hivi. Nikanawa uso nikarudi.

Anayefaa. Neno hilo ndilo lililonichoma kuliko lile jingine.

Alhamisi, 24 Julai

Nimewajibu. Nimeandika asubuhi kabla ofisi haijafunguliwa, sikumwonyesha mtu, hata Omari. Mistari michache tu. Kwamba nafasi hii nimeikaimu mara mbili. Kwamba ikiwa sifai, wamlete anayefaa, nami nitafanya kazi naye kwa moyo mmoja kama nilivyofanya na waliopita. Ikiwa nafaa, sitakaimu tena.

Mwenyekiti akapiga simu saa tisa. Hakukasirika. Alizungumza kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Mama, hiyo ni njia tu ya kuingilia."

Nikamwambia, "Mzee, njia hiyo nimeipita mara mbili, na mara zote imenirudisha pale pale mezani kwangu."

Akasema atanirudia.

Halafu Bi Rehema. Huyu sikumtarajia. Tumezoea kuamkiana tu kwenye mkutano wa mwaka. "Mwanangu, ichukue hivyo hivyo," akasema. "Usiiharibu bahati yako. Mimi nilikaa katika halmashauri ile miaka mitatu nikipitisha birika la chai kabla hawajaniuliza neno."

Nikamwuliza, "Na siku hizi wanakuuliza?"

Papo hapo nikaona nimevuka mpaka, yeye ni sawa na mama yangu. Nikamwomba radhi.

"Hujanikosea," akasema, na simu ikakatika.

Ijumaa, 25 Julai

Habari imeenea. Kwamba nimekuwa na maringo. Kwamba nimekataa riziki. Mteja mmoja ameniuliza dirishani kama ni kweli nimeacha kazi.

Nimemweleza Omari. Aliosha sufuria iliyokuwa safi tayari. Kisha akasema, "Mimi naogopa." Ada za shule, paa la jikoni, hoteli inayopunguza watu kila msimu ukiwa mbaya. Akauliza kwa nini sikumwambia kabla ya kuipeleka barua.

Nilimkasirikia kama saa nzima. Kisha nikaona anachosema ni kweli, sikumwambia kwa sababu nilijua angeogopa, na nilijua kwamba akiogopa nami nitaogopa. Nimemwambia hivyo. Sasa tunaogopa wote wawili na ni afadhali.

Jumatatu, 28 Julai

Athumani aliingia, akafunga mlango. Yeye hafungi mlango.

Mwenyekiti alimpigia simu Jumamosi. Wamempa nafasi.

Nikamwuliza, "Ya kaimu?"

Akatazama chini. "Hapana, dada. Meneja. Kuanzia siku ya kwanza."

Athumani ana miaka sita hapa. Hajakaimu hata siku moja.

Akasema bado hajajibu. Nilitaka aniambie amekataa. Hakusema hivyo, na sikuwa na haki ya kumdai. Ana mama mgonjwa, ana harusi mwezi wa Desemba. Nafasi kama hii haiji kila mwaka. Nikamwambia afikiri kwa ajili yake mwenyewe. Nikamwuliza kama ninaweza kulisema jambo hili kwa mtu wa halmashauri.

"Liseme," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Mchana kutwa nilikuwa na hasira. Nilimjibu mteja vibaya, ikabidi nimfuate nje kumwomba msamaha. Sijapata kufanya hivyo kwa miaka kumi na minne.

Baada ya swala ya alasiri nikampigia Bi Rehema. Nikamweleza bila kuongeza chumvi. Mimi kaimu, Athumani meneja. Miaka kumi na minne, miaka sita. Akanitaka nirudie. Nikarudia.

Akauliza, "Barua waliyokupa unayo?"

Ninayo.

"Ipige picha uniletee."

Nimempelekea.

Jumatano, 30 Julai

Halmashauri wanakutana leo, saa nne.

Saa nane. Hakuna habari.

Mvua. Kadzo ameniletea viazi karai vya moto, vimefungwa gazetini, pamoja na ukwaju. Nimevila vyote, nilidhani sina njaa.

Saa kumi na moja. Hakuna. Tumefunga.

Alhamisi, 31 Julai

Mimi ni Meneja wa Tawi la Msambweni kuanzia Jumatatu. Neno kaimu halimo. Nimeisoma barua mara tatu nikilitafuta.

Bi Rehema ndiye aliyenisimulia, kwa simu, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi nzito na sasa amekaa. Alimwomba katibu alete vitabu vya kumbukumbu za mikutano na asome kwa sauti uteuzi wa kila meneja, matawi yote, tangu sacco ianze. Ikachukua muda. Wanaume wote. Hakuna hata mmoja aliyeanza kama kaimu. Kisha akawasomea kwenye simu yake barua waliyonipa, na akauliza ni kweli au si kweli kwamba Athumani ameahidiwa nafasi kamili. Wakasema kweli.

"Nikawaambia nataka iandikwe kwamba nimeuliza sababu," akasema. "Na jibu nalo liandikwe."

Hakuna aliyetaka jibu lake liandikwe.

Mwenyekiti mwenyewe hatimaye akasema barua ile iandikwe upya.

Nikamwambia Bi Rehema sijui nimshukuru vipi. Akasema tangu nilipomwuliza lile swali hakulala vizuri, na sasa atalala.

Athumani alikuwa amewaandikia Jumanne kwamba hawezi kuwajibu mpaka wamalize jambo langu. Hakukataa, wala hakukubali. Ninamwelewa. Leo alinipa mkono, akacheka upande mmoja wa mdomo. Kuna kitu amekikosa na mimi ndiye niliyekipata. Nimemwomba awe naibu wangu. Amesema atanijibu, na nusu saa baadaye akajibu ndiyo.

Omari alikuwa zamu. Nilimpigia simu jikoni kwao. Nikasikia amewatangazia wapishi wote, wakagonga sufuria.

Nimefurahi sana. Naliandika mara moja tu, litoshe.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza. Kiti cha meneja ni kirefu, miguu yangu haifiki chini. Mameneja wote watatu walikuwa warefu. Nilikaa nikining'inia hadi saa tatu, Kadzo akaingia, akainama, akavuta kitu pembeni, kiti kikashuka. Akarudi dirishani kwake.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe kunipongeza. Akanywa maji. Akasema bintiye anafanya kazi ya benki Mombasa, na kwamba alimsimulia lile swali la bwanangu kama kichekesho wakiwa mezani. Binti hakumsemesha mpaka chakula kikaisha.

"Sikujua ni neno la kuudhi," akasema.

Nikamwambia si neno la kuudhi likiulizwa kwa wote. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza habari za jenereta. Ameahidi mpya. Ninampenda kuliko nilivyotaraji.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechoka. Kazi ni ile ile ila sasa lawama zina jina langu. Chakula nimekula saa zile zile.

Jumanne, 19 Agosti

Kadzo aliniomba wiki iliyopita atoke dirishani aende nyanjani. Huko maafisa wetu wote ni wanaume tangu zamani, na dirishani wote wanawake, na hakuna aliyepanga iwe hivyo, au hakuna anayekumbuka. Anajua kuendesha pikipiki, nduguye alimfunza kwao Kinango. Anajua Kiduruma na Kidigo. Nikamwuliza kwa nini hakuomba zamani. Akasema hakujua kwamba inaombwa.

Nimemruhusu. Lakini dirisha lake lingebaki tupu, na mtu mpya hapatikani mpaka Oktoba. Nikamkalisha Athumani, naibu wa meneja, dirishani. Nilidhani atanuna. Alikaza tai yake akaketi.

Wateja wakachanganyikiwa. Bi Mwanakombo, muuza samaki, alifika mbele ya dirisha akamtazama kama amekosea jengo.

"Wasichana wamekwenda wapi?"

"Shikamoo, bibi. Leo ni mimi."

"Marahaba." Akahamia foleni nyingine, ndefu zaidi, na akasimama huko huku anamwangalia.

Siku nne amekuwa akifanya hivyo. Leo foleni ile ilifika nje na jua lilikuwa kali, akarudi kwa Athumani. Amemhudumia vizuri. Alipotoka akanichungulia ofisini kuniambia kwamba kijana ana adabu, ila mwandiko wake ni mbaya, na kwamba kesho atarudi kumwangalia tena.

Athumani ameniambia, wakati wa kufunga, kwamba hakujua kazi ya dirishani inachosha hivi. Miaka sita alikuwa akipita nyuma ya viti vile akiwaambia waharakishe. Leo aliwanunulia makarani soda.

Kadzo amerudi alasiri kutoka Mwangulu, vumbi hadi kwenye kope. Ana wanachama wapya tisa. Yule afisa aliyeuliza habari za pikipiki na mvua amemwonyesha jinsi ya kukaza mnyororo. Nimewaona kupitia dirisha la ofisi yangu, wamechuchumaa wote wawili, wanabishana juu ya spana.

Nilicheka peke yangu.

Jumamosi, 30 Agosti

Nusu siku. Tumefunga saa sita. Nimelala baada ya adhuhuri, usingizi mzito, nimeamka nyumba ina kimya. Omari yuko zamu. Watoto wako Waa kwa bibi yao.

Jana makao makuu walinipa bahasha. Tawi la Lunga Lunga litahitaji meneja, na wamenitaka niwe mmoja wa watakaohoji. Nilikuja nayo nyumbani bila kuifungua. Leo nimekaa nayo barazani, na kikombe cha chai ya rangi.

Waombaji kumi na mmoja. Nimesoma majina polepole. Wanawake ni watano. Bwana Salim aliniambia, siku alipoaga, kwamba nilipoomba mimi jina la mwanamke lilikuwa langu tu.

Mmoja ni mwalimu aliyebadili kazi. Mmoja anatoka benki ya Ukunda. Mmoja mwandiko wake umelalia kushoto na amekata mstari mahali pawili, akaandika upya juu yake. Sikuweza kusoma alichokifuta. Simjui hata mmoja wao.

Sijui nani atafaa. Tutawasikiliza wote kumi na mmoja.

Nimezirudisha barua katika bahasha. Wingu lilikuwa limeanza kukusanyika upande wa Gazi, nikaenda kuanua nguo.